Risiti ni ya Ulicholipwa, Deni Lina Karatasi Yake

Wadogo zangu wa Mafinga, leo tuongee ada za watoto. Mmoja wenu mwenye kituo cha kulelea watoto mchana huko Kinyanambo ameniuliza hivi: kuna mama anadaiwa ada ya miezi miwili, na sasa anataka aandikiwe risiti za mwaka mzima ampelekee baba wa mtoto, maana baba amesema hatoi tena hela bila kuona karatasi. Amkatalie, au amwandikie kwa huruma?

Mwandikie, mdogo wangu, lakini miezi kumi aliyolipa tu. Hiyo ni haki yake, na hata kama amekuudhi vipi usimnyime risiti ili umbane alipe deni. Miezi miwili iliyobaki usiiandikie risiti, hata akilia mbele yako.

Risiti inasema "nimepokea". Ukishaisaini, deni umelifuta kwa mkono wako mwenyewe. Siku mkikaa mbele ya ofisa ustawi wa jamii utasema nini, na saini ni yako? Halafu kuna TRA. Kama kituo chako kimefikia kiwango cha kutumia mashine ya EFD, ukitoa risiti ya shilingi elfu themanini ambazo hujazishika, mashine imeshatuma taarifa na kwenye hesabu umeonekana umezipata. Unajitwisha kodi ya hela iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa ile miezi miwili, mpe mama huyo karatasi ya deni: jina la mtoto, miezi inayodaiwa, kiasi, tarehe, saini yako. Naamini hii itamsaidia kuliko risiti ya uongo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wajibu wa kumtunza mtoto, baba naye yumo. Akionyeshwa risiti za mwaka mzima atajua mambo yameisha na hatatoa kitu. Akiona deni limeandikwa, ana cha kulipa.

Sasa kitabu chako. Nunua kitabu cha risiti chenye namba na nakala ya kaboni, na usiandike "ada" peke yake ukaishia hapo. Andika: "Nimepokea kwa mama wa fulani Sh 25,000, sehemu ya ada ya Machi ya Sh 40,000. Salio Sh 15,000." Weka tarehe, jina la kituo na namba yako ya mlipakodi. Mzazi akilipa kwa simu, mwandikie vilevile, kwa sababu ujumbe wa muamala unaonyesha nani katuma na kiasi gani, hausemi ni mtoto yupi wala mwezi upi. Nakala zitunze kwa miaka 5, ndivyo sheria ya usimamizi wa kodi inavyotaka.

Najua wengine mnaogopa kuandika mkidhani daftari ndilo linaloleta kodi. Hapana jamani! Angalieni viwango vilivyowekwa kwa wafanyabiashara wadogo mwaka 2019. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakutozwa kitu. Aliyeuza kati ya milioni 4 na milioni 7 bila kumbukumbu alipangiwa laki moja. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 5 alilipa elfu thelathini. Elfu sabini ilibaki kwake kwa sababu ya daftari.

Wazazi nao wameniuliza kama risiti hizi zitawapunguzia makato ya mshahara. Kanada mzazi hupunguziwa kodi kwa gharama za malezi. Kwetu hakuna nafuu hiyo. Risiti yako ni ushahidi kwa mwenzako, kwa ustawi wa jamii, na kwa mwajiri kama anakuchangia.

Kuhusu kudai, msiwabane watu wote kwa tarehe moja. Mwalimu anapata mwisho wa mwezi. Anayepakia mbao kwa kutwa leo anayo, kesho hana. Ukimsubirisha hadi tarehe 30 hela imeshakwenda kwenye unga na kuni, na baridi ya Juni mnaijua. Huyo mpangie alipe kila wiki, muandikishane, na kila akileta kidogo mpe risiti ya kidogo hicho. Mdaini pembeni, asiwepo mzazi mwingine, na msimtaje mtoto kwa deni mbele ya wenzake. Mtoto hajakopa.

Na wewe mama unayedaiwa, usimkimbie dada wa kituo ukamtuma jirani amchukue mtoto. Nenda mwenyewe jioni ya leo, peleka hata elfu kumi, na usiondoke bila risiti yako.