Kichaa cha mbwa: kwa nini karantini ya miezi 6 iliondolewa

Msomaji wetu wa Changamwe anauliza hivi: ndugu yake aliyeko Uingereza anarudi nyumbani na mbwa wake, na watashukia uwanja wa ndege wa Moi. Je, mbwa huyo hapaswi kufungiwa miezi sita kwanza, kama walivyofanya Waingereza zamani? Na asipofungiwa, majirani watakuwa salama?

Kulijibu swali hili yafaa tujue jinsi maradhi yenyewe yanavyokwenda. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Mnyama mgonjwa akiuma, virusi huingia jerahani, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma machache, au miezi kadhaa. Muda huo mbwa hula na kucheza kama kawaida, na hata daktari wa mifugo hawezi kumtambua kwa macho.

Ndiyo maana Uingereza, iliyoumaliza ugonjwa huu mwaka 1902, ukarudi mwaka 1918 na kumalizwa tena mwaka 1922, ilikuwa ikimfungia kila mbwa mgeni kwa miezi 6. Ilikuwa sheria ya kungoja tu: kama virusi vimo, vitajitokeza.

Chanjo bora ndizo zilizobadili mambo. Mwaka 1998 kamati iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy ilipendekeza njia nyingine, na Februari 2000 ikaanza kutumika: mbwa atiwe kidude chenye nambari chini ya ngozi, achanjwe, kisha damu yake ipimwe kuona kama kinga imepatikana. Hata hivyo kungoja hakukwisha. Mbwa anayetoka Kenya kwenda Uingereza hutolewa damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, halafu hungoja miezi 3, kwani huenda aliumwa kabla ya kuchanjwa. Tofauti ni kwamba sasa angojea nyumbani kwa mwenyewe. Kwa maoni yangu hayo ni mageuzi ya busara.

Mifugo ni habari nyingine. Homa ya Bonde la Ufa hujificha siku chache tu, na mbu huieneza. Ilipozuka Saudia na Yemen mwaka 2000, mara ya kwanza nje ya Afrika, Saudia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Hakuna sheria moja ya karantini itakayofaa kila ugonjwa.

Basi ndugu yetu atafute kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo mapema, awe na vyeti vya chanjo na afya, na majirani wasiwe na hofu. Mbwa huyo ana karatasi. Wa kuogopwa ni yule asiye na mwenyewe, anayezunguka jaani Likoni au Kisauni. Karibu wagonjwa wote duniani wa kichaa cha mbwa, 99 kwa 100, huambukizwa na mbwa. Wakichanjwa mbwa 70 kati ya kila 100 mtaani, ugonjwa hukosa njia. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza kufikia mwaka 2030, na lengo hilo halitafikiwa kwa kukagua ndege na meli pekee.

Mtoto akiumwa, au hata akikwaruzwa, osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Msitie pilipili wala mafuta ya taa, na msilifunge kwa nguvu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kuona mbwa atakuwaje, kwani dalili zikishaanza kwa binadamu mauti ni karibu yakini. Jeraha likiwa limetoka damu, ulizeni pia kuhusu dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe pamoja na chanjo. Sindano hutolewa kwa tarehe maalumu. Zikamilisheni zote, hata kidonda kikiwa kimeshafunga.