MAS-ALA YA KETE ZA POKA: HUKUMU YA KUZINUNUA NA KUCHEZEA NYUMBANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukurani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Somo hili ni jawabu ya suala ambalo vijana wetu wa pwani waliuliza, na wazee wengi hulidhani ni dogo hata wasilijibu. Suala lenyewe ni hili. Madukani zauzwa sanduku zenye kete za duara, za rangi mbali mbali, pamoja na karata. Mtu hununua sanduku moja akaliweka nyumbani kwake, ili baada ya sala ya Isha akae na rafiki zake wacheze mchezo uitwao poka. Akiambiwa, husema: "Sisi twacheza kwa kete tu, fedha haionekani mezani, na hapa ni nyumbani, si jumba la kamari." Je, yajuzu kuzinunua kete hizo? Na mtu akitaka kete za kuchezea mchezo usio na dhambi, achague zipi?

Twalijibu kwa fasili tano na khatima. Na twaanza kwa kukieleza kitu chenyewe, kwani haifai mtu kukitolea hukumu kitu asichokijua.

FASILI YA KWANZA: KETE HIZI NI NINI

Jua, ewe msomaji, ya kuwa mchezo wa poka ulikulia Marekani katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, katika mji wa New Orleans na katika meli za moshi zilizokuwa zikipanda na kushuka mto wa Mississippi. Wachezaji wa kwanza waliweka mezani sarafu, na vipande vya dhahabu, na hata unga wa dhahabu. Walakini dhahabu ni taabu kuipima kila mara, na sarafu za namna nyingi huleta ugomvi katika hesabu. Basi wakabuni alama za kusimama mahali pa fedha: kwanza za mfupa, za pembe za ndovu na za mti; kisha, mwisho wa karne hiyo, za udongo uliochanganywa na vitu vingine ukakandamizwa. Na jimbo la Nevada lilipohalalisha kamari kwa kanuni zao mwaka 1931, majumba ya kamari yakazidi huko, na kila jumba likawa na kete zake zenye jina lake na thamani yake.

Kete zinazouzwa leo ni namna tatu: za udongo uliochanganywa, za seramiki, na za plastiki ambayo ndani yake mna kipande cha chuma. Upana wake ni kiasi cha milimita 39. Za majumba ya kamari uzito wake ni kiasi cha gramu 10, na za plastiki zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani huwa gramu 11.5 au 14 kwa sababu ya kile chuma. Uzito huo hauongezi kitu katika mchezo. Kazi yake ni kuupa mkono hisia ya kushika sarafu. Huuzwa kwa sanduku, aghalabu la kete 300 au 500. Na ada ya Wamarekani ni kuwa nyeupe ni 1, nyekundu ni 5, kijani ni 25, na nyeusi ni 100.

FASILI YA PILI: KAZI YAKE KATIKA KAMARI

Asemaye "twacheza kwa kete tu" na atazame mfano huu. Watu watano wamekutana. Kila mmoja ampa mwenye nyumba shilingi 2,000, naye ampa kete 40, kila kete kwa shilingi 50. Fedha yote iliyo mkononi mwa mwenye nyumba ni shilingi 10,000, na kete zilizo mezani ni 200. Usiku ukiisha, wa kwanza ana kete 110, wa pili 60, wa tatu 25, wa nne 5, na wa tano hana hata moja. Wazirudisha kete, na mwenye nyumba awalipa: wa kwanza shilingi 5,500, wa pili 3,000, wa tatu 1,250, wa nne 250, na wa tano aondoka mikono mitupu.

Hesabu faida ya wale wawili: 3,500 na 1,000, jumla 4,500. Kisha hesabu khasara ya wale watatu: 750 na 1,750 na 2,000, jumla ni 4,500 ile ile. Hapana bidhaa iliyouzwa, wala kazi iliyofanywa, wala shamba lililolimwa. Kila shilingi iliyoingia mfukoni mwa mmoja imetoka mfukoni mwa nduguye, bila badali. Basi kete ni nini hapo, illa hati ya fedha? Mwenye kusukuma kete amesukuma shilingi 50, ingawa jicho lake halikuiona.

Na hapo ndipo ilipo khatari yake. Mtu ambaye mkono wake ungetetemeka kuweka mezani noti ya unga wa watoto, huzisukuma kete kumi bila ya kusita, kwani nafsi yaziona ni vitu vya kuchezea. Kadhalika kamari ya mpira inayochezwa leo kwa simu: salio liandikwalo katika simu ni kete isiyo na kiwiliwili. Alieleweshwaye kete ameelewa na salio.

FASILI YA TATU: HUKUMU YA KUCHEZA

Wachezaji hawatoki katika hali nne.

Hali ya kwanza: kete zina thamani ya fedha, kama tulivyopiga mfano. Hii ni maisiri khalisi, na uharamu wake hauna khitilafu baina ya Waislamu. Mwenyezi Mungu ameikataza pamoja na ulevi katika Suratul-Maida, aya ya 90 na ya 91, na akataja sababu: ya kuwa Shetani hutaka kwa vitu hivyo kutia uadui na bughudha baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mungu na kusali. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 219, imetajwa ya kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Tena imepokewa na Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha mwenye kumwambia mwenziwe "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Ikiwa neno la kualika tu lataka kafara, itakuwaje kununua sanduku na kutandika meza? Wala nyumbani hapaigeuzi hukumu, kwani kilichoharimishwa ni tendo, hakikuharimishwa mahali.

Hali ya pili: kete hazina thamani, walakini mwenye kushindwa atalipa kahawa, au halua, au mishikaki ya wote. Watu wengi wa barazani huliona jambo hili ni la masihara, hata katika bao na dama. Nalo ni kamari vile vile, kwani kila mmoja yumo baina ya kupata na kukhasirika kwa sababu ya mchezo. Uchache wa mali hauifanyi haramu kuwa halali. Njia ya kutoka ni nyepesi: mchange kahawa kwa sawa kabla ya kuketi, au mmoja awakirimu wenziwe, ameshinda au ameshindwa.

Hali ya tatu: zawadi yatoka kwa mtu mmoja tu, na wengine hawatoi kitu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hii haiitwi kamari, walakini ni mapatano yasiyosihi, na kuyaingia ni dhambi. Sababu yake ni ile hadithi iliyopokewa na Abu Daudi, Tirmidhi na Nasai, ambayo imeweka zawadi ya mashindano katika mishale, ngamia na farasi, nayo ni mambo ya kujifunza vita. Na karata si katika hayo.

Hali ya nne: hapana fedha, wala kahawa, wala zawadi. Hapa wanavyuoni wametupa kanuni. Ibnu Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya kumi ya Hijra, ameeleza katika kitabu chake Tuhfa ya kuwa mchezo ambao msingi wake ni hesabu na fikira ni kama sataranji, na mchezo ambao msingi wake ni kubahatisha ni kama nardi, yaani mchezo wa dadu. Na nardi imekatazwa kwa hadithi iliyo katika Muslim. Sataranji kwa Mashafii ni makuruhu, ikiwa haina dau, wala haikupitisha sala, wala haina matusi.

Atasema mtu: "Poka yataka akili, basi ni kama sataranji." Twamjibu: akili imo, walakini yaja baada ya bahati. Karata ni 52, na mtu hupewa tano. Namna ambazo zaweza kumwangukia ni 2,598,960. Zaidi kidogo ya nusu yake, nazo ni 1,302,540, hazina hata jozi moja, wala mfuatano, wala rangi moja. Na zile bora kabisa, zenye kufuatana na kuwa za rangi moja, ni 40 tu katika hesabu hiyo yote. Katika sataranji wawili huanza sawa, kila mmoja na kete 16. Katika poka mmoja huanza tajiri na mwenziwe fakiri, kabla ya yeyote kufikiri kitu. Kwa sababu hii Mashafii waliotaja karata, wakiziita kanjifa, walizitia katika fungu la kubahatisha. Wako wanavyuoni wa zama zetu waliolegeza katika karata zisizo na dau. Walakini poka hupoteza ladha yake pasipo dau, na asiyeweka dau leo huliweka kesho ili mchezo unoge. Basi kuiacha ndiyo salama ya dini na ya mfuko.

FASILI YA NNE: KUNUNUA NA KUUZA

Katika sharuti za kusihi biashara ni kuwa kitu kinachouzwa kina manufaa yanayokubaliwa na sheria. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji ya kuwa vyombo vya upuuzi ulioharimishwa havisihi kuuzwa. Walakini Ibnu Hajar ametaja katika Tuhfa mas-ala inayotufaa mno: kete za nardi zasihi kuuzwa, ikiwa zafaa kuwa kete za sataranji bila ya taabu kubwa.

Tukipima kwa kipimo hicho, kete ya poka yenyewe ni kipande cha plastiki au udongo, na chafaa kuwa kete ya dama bila ya kubadilishwa. Basi mwenye kuinunua kwa ajili hiyo, biashara yake yasihi. Na mwenye kuinunua kwa kamari, amepata dhambi kabla hajaketi.

Na mwenye duka ajue ya kuwa hakuepuka. Wanavyuoni wamesema ya kuwa kumwuzia zabibu mtu ambaye wajua, au wadhani kwa nguvu, ya kuwa ataikamua tembo, ni haramu. Na ikiwa ni shaka tu, ni makuruhu. Kete zakisiwa kwa zabibu. Aingiaye dukani akataka kete 500 zenye thamani juu yake, pamoja na karata za akiba, jambo lake si la kufichikana.

FASILI YA TANO: JINSI YA KUCHAGUA KETE ZA MCHEZO USIO NA DHAMBI

Mwenye kutaka kete za dama na afuate haya.

Kwanza, hesabu. Ubao wa dama una nyumba 8 kwa 8, na kila mchezaji ana kete 12. Basi zatosha 24, na nne za akiba kwa zitakazopotea. Kununua sanduku la 500 kwa kazi ya 28 ni israfu.

Pili, chagua tupu, zisizoandikwa thamani wala jina la jumba la kamari, ili mtoto wako asizoee kuona hesabu ya fedha juu ya kitu cha kuchezea.

Tatu, rangi ziwe mbili zinazotengana hata kwa mwanga wa taa dhaifu.

Nne, zipange kumi juu ya kumi mezani: zisizokaa sawa zimepinda, usizichukue. Usidanganywe na uzito.

Tano, pima ubao. Kete ya milimita 39 yataka nyumba ya milimita 50, basi ubao uwe na sentimita 40 kila upande, mbali na ukingo.

Na mwenye kutaka kuepuka gharama yote, baba zetu wamemtangulia: mkomwe waota ufuoni, na komwe 64 zatosha bao zima, na kwa dama, vifuniko vya chupa vyafaa. Walakini bao nalo likupitishapo Magharibi, limekwisha kuwa balaa.

KHATIMA: MWENYE MALI YA KAMARI MKONONI

Aliyekwisha kucheza na sasa ataka kutubu, ajue ya kuwa toba ya haki ya watu haitimii illa kwa kurudisha. Mali ya kamari haikuingia katika milki ya mshindi. Katika mfano wetu, wa kwanza atarudisha 3,500 na wa pili 1,000. Na watatu waliokhasirika watapewa 750, 1,750 na 2,000. Ikiwa mwenye mali amekufa, wapewe warithi wake. Na ikiwa hajulikani wala hapana tamaa ya kumpata, itolewe kwa mafakiri au kwa maslaha ya Waislamu. Na mwenye nyumba aliyeshika fedha, ilipokuwa bado mkononi mwake, ilimpasa kumrudishia kila mtu chake.

Na aliyeshindwa kwa mkopo ajue ya kuwa deni la kamari si deni katika sheria: haliwajibiki kulipwa, wala halihalaliki kudaiwa. Deni lililo juu yake ni jingine. Ikiwa ile shilingi 2,000 ilikuwa ni chakula cha mkewe na wanawe, basi nafaka ya mke haianguki kwa kupita siku; yabaki katika dhima yake mpaka ailipe au asamehewe. Na aanze na hilo leo, kabla ya kulala.

Wallahu aalam.