Viumbe Wadogo Waelaji na Chakula cha Samaki

Mtu wa Maganzo akiulizwa ni kitu gani kidogo chenye thamani kubwa, jibu lake halitakawia: atataja almasi. Yeye anakaa jirani na mgodi wa Mwadui, ambao almasi zake zilivumbuliwa na Dk. John Williamson mwaka 1940, na ameona watu wakichekecha kokoto kutwa nzima kwa ajili ya kitu kisichozidi punje ya mtama. Lakini tukimwuliza: Je, hao dagaa unaowanunua sokoni walikula nini hata wakanenepa? hapo wengi hunyamaza. Wengine husema dagaa hula matope, na wengine husema huishi kwa maji matupu. Kauli zote mbili si sahihi. Ndugu msomaji, twapenda kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwani linamgusa hata yule ambaye hajapata kuona bahari wala ziwa maishani mwake.

Katika maji ya bahari na ya maziwa mna viumbe wengi mno wasioweza kushindana na mkondo. Maji yaendako, nao huenda. Mwaka 1887 mtaalamu wa Kijerumani, Victor Hensen, aliwaita planktoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutangatanga. Yapasa ifahamike kwamba jina hili halikutolewa kwa sababu ya udogo. Hata yavuyavu, ambaye aweza kuwa mkubwa kama sinia, huhesabiwa humo, maana naye huchukuliwa na maji. Hata hivyo walio wengi hawaonekani kwa macho bila ya hadubini. Wamo walio mimea, yaani mwani mdogo sana, na wamo walio wanyama, ambao huula mwani huo au hulana wao kwa wao.

Mwani huu hufanya kazi ile ile ifanywayo na jani la mtama shambani: hupokea mwanga wa jua, hutwaa hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, hujitengenezea chakula, na hutoa oksijeni. Karibu nusu ya kazi hiyo duniani pote hufanywa na planktoni wa baharini. Waonaje, msomaji? Misitu yote na mashamba yote ya nchi kavu, kwa upande mmoja. Na kwa upande wa pili vijimea ambavyo uzito wao wote haufiki sehemu moja katika mia ya uzito wa mimea ya dunia! Sababu yake ni kwamba mti hukaa miaka mingi ukijilimbikizia mbao, lakini kijimea cha majini huzaliwa, huzaa na huliwa katika muda wa siku chache. Ghala yake ni ndogo, lakini haikomi kupokea na kutoa.

Watu wa pwani huijua kazi hii kwa matokeo yake. Wakati wa kusi, upepo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Maji hayo huleta mbolea iliyolala kilindini, mwani hustawi, na samaki hufuata. Kadhalika katika Kisiwa cha Mafia, karibu na Kilindoni, huonekana potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani. Mtu angedhani kwamba jitu kama hilo huwinda papa na nguru. La! Hufumbua kinywa chake kipana na kuchuja uduvi na viumbe wengine wadogo waelaji.

Turudi sasa bara, kwenye Ziwa Viktoria, ambako ndiko watokako dagaa wauzwao Maganzo. Mchana dagaa hukaa chini, na usiku hupanda juu pamoja na planktoni wa kinyama, ambao ndio chakula chake kikubwa. Mvuvi hulijua jambo hili, ingawa huenda hajasoma kitabu: hutoka usiku na taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, na dagaa huja kwenye mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu kazi husimama, kwani taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila hatua ya kula na kuliwa hubaki kiasi cha sehemu moja tu katika kumi. Nyingine hutumika kwa kuishi na kutembea. Basi piga hesabu. Kilo moja ya dagaa wabichi imetokana na kiasi cha kilo 10 za planktoni wa kinyama, na hizo zimetokana na kiasi cha kilo 100 za mwani. Sangara alaye dagaa amepanda daraja moja zaidi. Ndiyo sababu dagaa waweza kuvuliwa kwa wingi kuliko sangara, na ndiyo sababu moja ya bei yao kuwa nafuu kwa mtu wa kipato kidogo.

Hapa wengine huleta hoja, wakisema: Ikiwa mwani ndio msingi wa chakula, basi kadiri unavyozidi ndivyo samaki watakavyozidi, na hakuna ubaya ziwa likiwa kijani. Hoja hii yaonekana nzuri, lakini habari za Ziwa Viktoria zenyewe zaikanusha.

Mwaka 1927 Michael Graham, akisaidiwa na E. B. Worthington, alifanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hilo, maana ngege walikuwa wakipungua tangu kuingia kwa nyavu za kisasa. Ngege hakungoja kupewa chakula na mwingine. Alikula mwani wenyewe, hasa ule uitwao diatomu, ambao kila mmoja hujijengea ganda la silika, kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Katika miaka iliyofuata mashamba yaliongezeka, miti ilikatwa, miji ilikua, na mvua zikachukua udongo na taka hadi ziwani. Hata moshi na vumbi la angani huongeza mbolea majini. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, uzalishaji wa mwani ulikuwa umepata kiasi cha maradufu ya ule uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini haukuwa mwani ule ule! Silika ilipungua, diatomu za zamani zikarudi nyuma, na mahali pake pakashikwa na mwani wa rangi ya kijani na buluu, ambao wataalamu huwahesabu kuwa ni bakteria. Wakati huo huo sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa amewamaliza furu wengi, na miongoni mwao walikuwamo walaji wa mwani.

Basi mwani uliokosa mlaji hufa na kuzama, na katika kuoza kwake humaliza oksijeni ya chini. Katika miezi ambayo maji ya ziwa hayachanganyiki, kilindi chake hukosa hewa ya kumtosha samaki. Chakula kimezidi, na makao yamepungua.

Tena baadhi ya bakteria hao hutoa sumu idhuruyo ini. Jambo hili lawahusu watu wa Shinyanga na Kahama, ambao maji yao hutoka ziwani humo, yakivutwa Ihelele, katika Wilaya ya Misungwi, na kusafishwa kabla ya kupelekwa mabombani. Lawahusu zaidi wale wanaochota ufukoni kwa ndoo. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa. Upepo ukisukuma utando wa kijani hadi ukingoni, mfano wa rangi iliyomwagwa juu ya maji, usichote hapo, usioge hapo, wala usiwanyweshe ng'ombe hapo. Tafuta mahali pengine ambapo maji ni maangavu.