Kodi seva, lakini bili iangalie mwenyewe

Mdogo wangu, umeniuliza kama mnunue seva ya mfumo wa mauzo wa maduka yenu au mkodi kwenye wingu. Kodini. Seva yenu wenyewe inataka chumba chenye kiyoyozi, betri za akiba na fundi wa kuamshwa usiku, na hela yote hiyo inatoka kabla mfumo haujauza hata soda moja. Tangu Amazon walipoanza kukodisha hifadhi ya data na kompyuta mwaka 2006, mwenye mtaji mdogo anaweza kulipia kile tu anachotumia.

Sasa nisikilize vizuri kwenye malipo, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Hii si kama umeme wa LUKU, kwamba uniti zikiisha taa inazimika. Seva mliyoifungua kwa majaribio mkaisahau inahesabiwa usiku na mchana, na bili mara nyingi huja kwa dola ilhali ninyi mnauza kwa shilingi. Shilingi ikishuka, gharama inapanda bila ninyi kugusa kitu. Siku ya kwanza kabisa wekeni tahadhari ya bajeti. Lakini jua kwamba tahadhari hiyo kwa kawaida inatuma ujumbe tu, haizimi kitu. Lazima awepo mtu wa kufungua bili kila wiki na kuzima kisichotumika.

Ulizeni pia gharama ya kuondoka. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa ndiko kunakotozwa. Kweli wapo walioondoka wakafaidika: Dropbox, kampuni ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, walipohamia mitambo yao wenyewe waliokoa takriban dola milioni 75 kwa miaka miwili, ila wale wana mamia ya mamilioni ya watumiaji. Msiwaige leo.

Kumbukeni pia kwamba seva ya wingu inafikiwa kwa intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania na Kenya. Chagueni programu inayoendelea kuuza hata mtandao ukipotea, kisha itume mauzo ukirudi. Na kwa kuwa mnatunza majina na simu za wateja, someni masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022.

La mwisho, nakuomba sana: akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, si ya fundi, na nenosiri lake uwe nalo wewe.