Alama Iliyopigwa Katika Chuma

Mtu akitaka kurudisha bunduki ya hewa kuwa mpya, anaona maandishi yaliyopigwa kwenye chuma, anakamata tupa. Anasugua mpaka herufi hazionekani tena. Lakini akipaka dawa ya kugeuza chuma kuwa cheusi, mara nyingine herufi zinarudi sawa kivuli. Juu ya nini?

Ni hivi. Mhuri unapopigwa kwa nguvu haufanyi shimo tu. Unabana hata chuma kilicho chini yake, nacho kinakuwa kigumu kupita cha pembeni. Njo maana polisi wanaweza kupaka asidi mahali paliposuguliwa na kusoma namba tena: asidi haili sehemu zile mbili sawasawa.

Basi, kumaliza alama kabisa ni kuondoa chuma kingi, na bomba ambamo pistoni inapita si nene. Ukijaza shimo kwa kuchomelea, moto unaweza kulipinda, na pistoni itakwama. Jina la fabriki liache tu, halizuizi kitu. Namba ya bunduki usiiguse hata kidogo: katika inchi zingine kuifuta ni kosa mbele ya sheria, na bunduki ikiibiwa, ni namba ile inayoonyesha mwenyewe ni nani.