SOMO LETU: AMRI YA APT, NA KUSOMA KABLA YA KUKUBALI



Tawi likiweka daftari la wanachama na hesabu za michango ndani ya kompyuta, inatupasa tujue jinsi vitu vilivyomo ndani ya mashine hiyo vinavyotegemeana.

Tuanze na kiwanda cha chai. Jani hunyaushwa, husagwa, huchachushwa, hukaushwa, kisha huchambuliwa. Mtu wa boila akikosa kuni, mkaushaji hana joto, na mchambuaji hana cha kuchambua. Programu za kompyuta ni hivyo hivyo: moja huitegemea nyingine, nayo huitegemea ya tatu.

Katika mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, na Ubuntu uliotokana nao mwaka 2004, mnyororo huo hufuatwa na chombo kiitwacho APT. Tunakiandikia amri kwa maneno. Tukiandika "apt install" na jina la programu, huleta pia kila kitu ambacho programu hiyo inakihitaji. Tukiandika "apt remove", huiondoa pamoja na zote zinazoitegemea.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2021 mtangazaji wa video wa Kanada, Linus Sebastian, alitaka kuweka programu ya michezo kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kwa sababu ya kasoro katika mpangilio wa programu hizo, APT kikaorodhesha vitu vya lazima ambavyo kingeviondoa, kikaonya, kikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika. Madirisha yote ya kufanyia kazi yakatoweka, yakabaki maandishi matupu.

Tusimcheke. Wangapi kati yetu tumeweka dole gumba kwenye karatasi ya mwajiri bila kusomewa ukurasa wa pili?

Basi tushike mambo matatu:

1. Kabla ya kuondoa programu, tuandike "apt-get -s remove" na jina lake. Herufi s hukifanya chombo kituonyeshe kitakachotokea, bila kukitenda.

2. Tuandike "apt-cache rdepends" na jina. Tutatajiwa programu zinazoitegemea.

3. Orodha ya vitakavyoondolewa ikizidi tulichotaka, tujibu n, yaani hapana, tukamwite mwenzetu tusome pamoja.

Ndugu, kuni za boila hazionekani ndani ya kikombe cha chai, lakini bila kuni hakuna chai. Tusikubali kiondolewe kitu chochote kabla ya kujua nani anakitegemea.