Ukikaa Kimya Umekubali: Somo la Uwanja wa Ndege kwa Anayesafiri Peke Yake

Siku hizi si habari tena kusikia mwenzako wa darasani yuko Ujerumani wiki mbili kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, mwingine kapata skolashipu ya Uchina, mwingine yuko njiani kwenda Uturuki. Kabla ya kuondoka tunafanyiwa semina. Tunaambiwa habari za viza, bima, baridi, hata namna ya kushika uma na kisu. Lakini cha kufanya pale ndege inapochelewa, ya pili inapokuacha, begi halionekani, na uko peke yako usiku wa manane kwenye nchi usiyomjua mtu, hicho hatuambiwi. Makala hii ni ya hicho tu. Nimeiandika kama somo kwa sababu nasomea ualimu, na mwalimu akiona jambo halipo kwenye mtaala mkono unamuwasha.

Tuanzie Kariakoo, maana safari nyingi za wakazi wa Dar huanzia kwa wakala wa tiketi, ghorofa ya pili au ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Wakala anageuza kioo cha kompyuta, anakuonesha bei ya chini kabisa. "Hii hapa ndo nzuri, unashuka pale, unachukua nyingine." Hapo hapo muulize: hiyo ni tiketi moja au mbili? Usione haya kuuliza mara ya pili.

Tofauti yake ni kubwa kuliko bei. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine bila wewe kulipa. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili halina habari na wewe. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Halafu kuna begi: kwenye tiketi mbili mara nyingi inabidi ulichukue mwenyewe katikati ya safari na kulikabidhi upya, na kulifuata begi maana yake ni kupita uhamiaji, na kupita uhamiaji maana yake ni viza ya nchi ambayo hukupanga kwenda. Kwa Mtanzania, Uingereza ni kali zaidi: ukipitia London unatakiwa viza ya kupita hata kama hutoki nje ya uwanja, isipokuwa una baadhi ya vibali vinavyokuondolea sharti hilo. Wakala anaweza asikwambie. Tiketi anakuuzia tu.

Tiketi yenyewe pia ina alama zake. Namba yake ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates, 197 ni Air Tanzania yetu. Karatasi yenye tarehe na saa lakini haina namba hiyo ni ratiba, haijawa tiketi.

(Kama unadhani natia chumvi kuhusu karatasi, kuna Mkenya mmoja wa asili aliyeishi ndani ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, zaidi ya mwaka mzima, kuanzia 2004 hadi 2005. Alikuwa ameukana uraia wa Kenya na ana pasipoti ya Uingereza ya aina isiyompa haki ya kuingia Uingereza. Akakataliwa kule, akarudishwa, akabaki katikati akilala kwenye viti mpaka walipompa uraia kamili.)

Sasa siku yenyewe. Novemba mwaka jana nilikuwa nakwenda Hamburg, mji wenye undugu rasmi na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Tiketi moja, ndege tatu. Tulitakiwa kuondoka Jengo la Tatu pale Uwanja wa Julius Nyerere saa kumi na moja jioni. Tukaondoka saa mbili usiku. Hakuna aliyetueleza sababu, tuliona tu saa kwenye ubao zinabadilika. Tulipotua kwenye mji mmoja wa Ghuba, ndege yangu ya pili ilikuwa imeshapaa, na ukumbini tulikuwa kama watu thelathini tulioachwa, kila mmoja na safari yake.

Nilimkuta mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, anauza mapazia, anakwenda Guangzhou. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia.

"Sasa mbona umekaa, mwanangu?"

"Wametuambia tusubiri watatangaza, mama."

"Hapa ukikaa kimya umekubali. Inuka. Na usiondoke kaunta bila karatasi."

Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni: bei, siku, kiasi. Kilitosha kabisa. Kwa yule mhudumu wa kaunta aliuliza mambo matatu, moja baada ya jingine, akihesabu kwa vidole. Ndege yangu nyingine ni saa ngapi? Chakula na pa kulala ni wapi? Na andika hapa kwamba ndege yenu imechelewa, imechelewa masaa mangapi, na kwa nini. Mhudumu akasema hilo la tatu tutalishughulikia baadaye kwa barua pepe. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, "Andika," akaweka kiwiko juu ya kaunta. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Ikaandikwa na kugongwa muhuri, yake na yangu.

Baadaye, tukiwa na kuponi zetu za chai na mkate, alinifafanulia. Kariakoo kuna vibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mteja anayetoka dukani bila kukagua, bila risiti, mzigo ni wake pamoja na matatizo yake. "Na huku ni hivyo hivyo," akasema. Vijana wawili walioambiwa wasubiri tangazo, alfajiri saa kumi walikuwa bado wamekaa pale pale, na ndege niliyopangiwa mimi ilikuwa imeshajaa.

Niliporudi Dar nilikaa maktaba nikasoma sheria, na nikakuta yule mama, ambaye sidhani kama amewahi kuushika mkataba huo, alikuwa sahihi karibu neno kwa neno. Safari za ndege za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Ulianza kutumika Novemba 2003, na Tanzania ni mwanachama. Mkataba unasema abiria akipokea begi lake bila kulalamika, hiyo inachukuliwa kuwa dalili kwamba limefika salama. Yaani kimya chako kinahesabiwa kama jibu. Unaweza kuja kuthibitisha vinginevyo, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa umeubeba wewe.

Na kuna muda. Begi likiharibika, una siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa, zikipita siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, una haki ya kudai kama lililopotea. Kesi mahakamani ina miaka miwili, baada ya hapo haki imekufa. Kikomo cha fidia ya mizigo kwa abiria mmoja kilipandishwa mwishoni mwa Desemba 2024, kutoka 1,288 hadi 1,519 kwa kipimo cha fedha cha IMF kiitwacho SDR, takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi. Unalipwa ulichothibitisha, kwa hiyo bila risiti hata sheria nzuri haikusaidii kitu. Kuchelewa kwa abiria mwenyewe nako kuna fidia ya hasara ndani ya mkataba huohuo, ila shirika linaweza kuikwepa likithibitisha lilichukua hatua zote za busara kuzuia hasara hiyo. Ndo maana sababu iliyoandikwa usiku uleule ina thamani. Wiki mbili baadaye sababu huwa imebadilika na kuwa hali ya hewa.

Ulaya wana sheria yao nyingine, namba 261 ya mwaka 2004, na wengi wetu tunaisikia nusu nusu. Inakulinda unapoondoka uwanja wowote wa Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote lile. Unapokwenda huko kutoka Dar inakulinda tu kama shirika ni la Ulaya. Kwa hiyo kwa safari yangu ya kwenda haikunihusu, lakini ya kurudi ilinihusu. Ukifika mwisho wa safari umechelewa masaa matatu au zaidi, na sababu si jambo lililo nje ya uwezo wao, fidia kwa safari ndefu kama ya Dar inafika euro 600. Mahakama ya Umoja huo iliamua mwaka 2018 kwamba safari yenye ndege kadhaa chini ya uhifadhi mmoja ihesabiwe kuwa ni moja, hata ukibadilisha ndege nje ya Ulaya. Tunarudi palepale: tiketi moja au mbili?

Mambo madogo nitayapitia haraka. Intaneti ya bure ya uwanjani mara nyingi inataka namba ya siri kwa ujumbe mfupi, na laini yako ya Dar kama hukuiwezesha kutumika nje haipokei kitu. Benki nayo hutuma namba yake kwa njia hiyohiyo. Andika namba muhimu kwenye daftari. Sehemu kubwa ya Ulaya, ukiacha Uingereza na majirani zake wachache, soketi ni za pini mbili za duara, chaja zetu za pini tatu bapa haziingii. Shilingi yetu usihangaike nayo, badilisha Dar kabla hujaondoka. Na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku hapa kwetu tangu tarehe 1 Juni 2019, usirudi nayo imejaa zawadi.

Nilifika Hamburg saa nne usiku badala ya saa saba mchana. Nje nyuzi joto tatu. Mkanda wa mizigo ukazunguka, ukapungua, ukabaki na mkoba mmoja wa mtoto, ukasimama. Koti langu zito, nililolinunua mitumba ya Karume kwa elfu ishirini na tano, lilikuwa ndani ya begi, maana nani anavaa koti zito Dar mwezi wa kumi na moja? Na kesho yake saa tatu asubuhi nilitakiwa kusimama mbele ya watu kueleza shule zetu za msingi zinavyofundisha kusoma.

Hapo ndipo mahali hatari kuliko pote kwenye safari nzima, na ndipo watu wengi wanapokosea. Umechoka. Mwenyeji wako yuko nje anakupungia mkono kwenye kioo. Unataka kutoka, ulale, kesho upige simu. Usitoke. Tafuta kaunta ya mizigo kabla ya mlango wa kutokea, toa stika ndogo waliyokubandikia kwenye boding pasi siku ya kwanza, ile yenye namba kumi na herufi tatu za kituo cha mwisho. Yangu ilisomeka HAM, kwa hiyo nilijua begi lilikuwa limeelekezwa vizuri tangu Dar na limekwama njiani. Ukiona siku ya kuondoka imeandikwa kituo cha katikati, uliza palepale kaunta. Wanajaza fomu, wanakupa namba ya faili yenye herufi na tarakimu. Isome mbele yao. Jina langu walikosea herufi moja, nikaomba warekebishe. Anuani weka ya unakofikia, pamoja na namba ya simu ya mwenyeji. Halafu uliza kwa sauti ya kawaida kabisa: nikinunua nguo za lazima leo na kesho, mtanirudishia kiasi gani? Yule dada wa kaunta alinijibu bila kinyongo, tunza risiti, nunua vya lazima. Nikanunua asubuhi yake koti la bei nafuu, soksi na mswaki. Risiti nikazipiga picha siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa risiti nyingi unafutika mapema.

Fedha ya vitu hivyo waliilipa baada ya wiki sita na barua pepe nne. Ile karatasi yenye muhuri wa usiku wa Ghuba niliiambatanisha kila mara. Shirika likikataa au likinyamaza, hapa nyumbani kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani yake kuna baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za anga. Peleka nakala huko, usipeleke karatasi halisi.

Begi lenyewe lilikuja siku ya nne, kijana wa gari la usambazaji akaligonga mlangoni na kuniwekea kalamu mkononi nisaini. Nikaligeuza kwanza. Gurudumu moja halikuwepo na zipu ilikuwa imechanika upande. Nikaandika hivyo kwenye karatasi yake, chini ya sahihi yangu, nikapiga picha tatu, na jioni ileile nikatuma malalamiko ya pili kwa namba ileile ya faili. Siku saba zilikuwa zimeanza upya.